Barua kwa binti yangu aliyeko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Tanga

Mama,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili, nikaona majibu yake hayaenei kwenye simu. Huku hatujambo. Mguu wa bibi yako umepunguza kuuma, anakusalimu na anauliza kama unakula.

Umeniambia kwenye masomo yako ya ualimu wa sanaa kuchora kunakwenda vizuri, ila zile kozi za elimu, saikolojia, upimaji na mbinu za kufundishia, unaziona zinakulia muda. Umesema wenzako wa sanaa wanazisoma ili mradi wasishike sapu, ule mtihani wa kurudia. Hapo ndipo ninapotaka tuongee. Wenye mkono wa kuchora wamejaa hata hapa barabara ya kumi na mbili. Anayeweza kumkalisha mtoto wa watu chini, akamfundisha mpaka naye akachora, huyo ndiye wa kutafuta kwa tochi.

Unajua kazi hii ya mabango nilijifunza kwa fundi. Mzee yule alikuwa na mkono ambao sijauona tena. Herufi S aliichora juu ya bati kwa kupitisha brashi mara mbili tu, bila penseli, bila kurudia. Mimi nikivuta mistari kwa uzi wa chaki, nachora kwanza kwa chaki, naweka rangi taratibu, na bado S yangu inaonekana kama mlevi anayetafuta pa kuegemea. Nikimuuliza nimekosea wapi, ananyakua brashi, anafuta kwa kitambara chenye mafuta ya taa, anachora ya kwake, ananirudishia. "Umeona?" Sikuona kitu. Nilikuja kugundua peke yangu, siku moja hayupo, nilipozipima S zake kwa kijiti: tumbo la juu hulifanya dogo kidogo kuliko la chini. Ukiyafanya matumbo yote sawa, jicho linaona la juu limezidi na herufi nzima inataka kupinduka. Ni maelezo ya nusu dakika hayo. Fundi wangu alikuwa nayo mkononi miaka yote, mdomoni hayakuwahi kufika.

Sasa wewe serikali imekukopesha fedha ukajifunze namna ya kuyafikisha mdomoni, halafu unaniambia yanakupotezea muda!

Mfikirie Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru. Watalii wanajua chui na ndege wake, lakini hesabu ya miaka yake hawaijui. Alianza kuchora mwaka 1968 hapo Dar es Salaam, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Miaka minne tu, mama. Kama angekuwa mchoyo wa kazi yake ingezikwa naye. Lakini alikuwa amekwisha kuwakalisha ndugu zake karibu naye, akina Ajaba Abdallah, Simon Mpata, January Linda, wakitazama na kuigiza. Wao wakaendelea, wakafundisha wengine, na mpaka leo ukienda Oysterbay utawakuta vijana wanachora hivyo hivyo na jina lake liko juu ya kibao.

Ila kuigiza huko kunafaa mkiwa watano sita chini ya mti mmoja. Wewe utaingia darasa la watoto sabini, dakika arobaini, na nusu yao wamekwisha kuamini hawajui kuchora kwa sababu kuna mtu aliwaambia hivyo wakiwa darasa la pili. Huwezi kumnyang'anya kila mmoja brashi ukamchorea. Hapo saikolojia yako na andalio la somo ndivyo vitakavyokuokoa.

Halafu mnapenda kusema waalimu wa sanaa ni wachoraji walioshindwa. Margaret Trowell, yule mama wa Kiingereza aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere, mwaka 1937 alikuwa akifundishia barazani kwa nyumba yake Kampala. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Sam Ntiro wa Machame. Ntiro akarudi kufundisha pale pale Makerere, na akiwa mwalimu akachora mwaka 1956 ile picha ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ambayo sasa ni mali ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Tulipopata uhuru ndiye aliyepelekwa London kuwa balozi wetu. Ualimu haukumzuia kitu. Na hapo hapo ulipo, Profesa Elias Jengo amefundisha miaka na miaka huku anachora. Kazi zake zitafute, uziangalie kwa macho yako, usitosheke na za kwenye simu.

La rangi nalo. Umesema bumu, hela yenu ya mkopo, likitoka unataka kununua zile za tyubu kutoka nje kabla hujaenda TP, yale mazoezi ya kufundisha mashuleni. Nunua kidogo za kwako wewe. Za darasani usizitegemee, maana shule utakayopangiwa huenda hata chaki wanagawana. Jizoeze kutengeneza mkaa wa kuchorea. Chukua kopo la maziwa la bati, toboa kifuniko tundu moja la msumari. Bandua maganda vijiti vilivyokauka, unene wa penseli, vipange wima mpaka vikaze, funika, weka kwenye jiko. Moshi utatoka kwenye lile tundu. Ukikatika, ipua, na hapa uwe na subira: usifungue mpaka kopo lipoe kabisa, la sivyo hewa ikiingia utakuta majivu. Vikitoka vyeusi na ukivigonganisha vinalia kama vigae, umepata. Karatasi ni mfuko wa saruji, tabaka la ndani, ukung'ute kwanza vumbi. Rangi ya manjano iko jikoni, buluu ni ile ya kufulia, na udongo mwekundu hauuzwi popote. Jaribu yote hayo chumbani kwako kabla ya kuwapa watoto, ujue kipi kinakwajuka baada ya wiki.

Shangazi yako bado anauliza mtu anakwendaje chuo kikuu kusomea kuchora. Nimemwambia mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo shule za msingi, na watoto hao watapanda sekondari wakiwa wanalijua somo, kwa hiyo watataka mwalimu. Akanyamaza, ingawa nadhani alikuwa amechoka tu na mimi. Lakini tusidanganyane: ajira za ualimu ni ngumu, usaili una watu wengi kuliko nafasi, na shule nyingi hazifundishi sanaa kabisa. Kiswahili, somo lako la pili, ulishike kwa mikono miwili. Huenda ndicho kitakachokuingiza shuleni, ukishaingia utamwomba mkuu wa shule vipindi viwili vya sanaa kwa wiki, hata vya jioni.

Mimi kazi inakuja kwa msimu. Tangu yaje mabango ya kuprinti, wanaonifuata ni wenye mashua, kwa sababu jina la mashua halibandikwi, linaandikwa.

Nimekutumia elfu arobaini, nimeweka na ya kutolea. Likizo uje na maandalio yako ya somo, hata yale aliyoyakosoa mhadhiri. Kuna kijana wa jirani anakuja hapa kila Jumamosi kujifunza herufi na amenishinda kwenye R. Nataka umfundishe wewe, mimi nikae pembeni nitazame.

Baba yako