Moyo Kwenda Mbio Ukipanda Ngazi: Pima Kwanza, Dawa Baadaye

Juzi mama mmoja alifika kwenye duka letu la dawa hapa Langoni, Lamu, akakaa barazani kwanza, mkono kifuani, ndipo akaweza kusema. Alikuwa ametembea vichochoro viwili tu na kikapu cha samaki. Akataka dawa ya nguvu. Akipanda ngazi za kwenda darini, moyo unamwenda mbio, pumzi zinamkatika, masikio yanavuma.

Nilimshusha kope la chini: ndani peupe. Tukamchoma kidole, na tone moja likaonyesha himoglobini gramu 7.4 kwa desilita. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afikie 12, mjamzito 11, mwanamume 13. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya damu. Ikipungua, moyo hulazimika kuizungusha damu hiyo hafifu kwa haraka zaidi. Ndiyo maana akikaa hahisi kitu, akipanda ngazi anatweta.

Dawa ya nguvu isingemwambia damu inapotelea wapi. Tulipozungumza ikabainika kwamba hedhi humchukua siku tisa, na kila mlo huuteremsha kwa chai ya rangi, ambayo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mwingine huwa na safura, minyoo inayonyonya damu utumboni. Mwanamume, au mama aliyekoma hedhi, akipungukiwa damu namsihi asikae nyumbani: huenda kuna kidonda tumboni kinachovuja.

Lakini si kila moyo unaokwenda mbio umekosa damu. Miraa huuharakisha, na homa vilevile. Kifua kinacholia kama filimbi huenda ni pumu. Anayekonda ilhali anakula vizuri, mikono ikitetemeka na joto likimsumbua, apimwe tezi ya shingo. Presha iliyoachwa miaka mingi huuchosha moyo wenyewe: miguu huvimba jioni, na mtu hawezi kulala bila mito mitatu. Kijana naye anaweza kuwa na valvu ya moyo (kilango cha kupitishia damu) iliyoharibika tangu utotoni, baada ya maumivu ya koo yaliyofuatwa na homa ya viungo. Hao wa moyo ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, maana huambiwa ni uvivu.

Sisi tunapima presha, mapigo, oksijeni kwa kifaa cha kidoleni, na himoglobini. Kipimo cha umeme wa moyo hatuna. Anayekihitaji tunamwandikia barua aende hospitali ya King Fahd. Na ukishikwa na maumivu ya kifua yanayopanda taya au mkono, ukizimia, midomo ikigeuka buluu, au pumzi zikikatika ghafla huku mguu mmoja umevimba na unauma, usipitie kwetu. Nenda hospitali papo hapo.

Kwa kupimwa, njoo asubuhi kabla ya kahawa na miraa. Tutakuketisha dakika tano kwanza, kwa sababu mapigo ya mtu aliyekaa huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na wewe utakuwa umetoka kutembea. Njoo na dawa zako zote, hata za miti shamba.