Kwako mdogo wangu, kuhusu lile dirisha

Mdogo wangu,

Mwaka huu tena umeweka picha ya mshumaa tarehe 7 Agosti, kukumbuka bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi la 1998, chini yake ukaandika kwamba Shangazi "alikuwa akipita tu barabarani". Marafiki zako wa Minnesota wamekumiminia pole. Mimi nimeisoma mara tatu ndani ya matatu hadi nikapitiliza steji.

Hakuwa akipita. Alikuwa mezani kwake, ghorofa ya tatu ya jengo jirani na ubalozi, akihesabu pesa za viatu vyetu.

Ulianza mlio kama tairi limepasuka, kisha bunduki. Wewe, mtoto wa miaka 9, ukapanda kiti, ukachungulia, ukakimbia kumvuta mkono: "Shangazi, njoo uone!" Akaacha noti mezani, akaja akicheka. Akasimama dirishani, wewe nyuma yake umeshika sketi. Ndipo likaja bomu lenyewe. Kioo chote kiliishia usoni mwake. Wewe ulitoka na mkwaruzo sikioni. Ndivyo wengi walivyopofuka Ijumaa ile: mlio wa kwanza uliwaita madirishani, wa pili ukawakuta papo hapo.

Sikulaumu. Ulikuwa mtoto. Na kabla hujaja hapa kusema kwamba ni mimi niliyekuambia "hebu ona ni nini": najua. Nilikuwa na miaka 14, nimeinama nafunga kamba za viatu. Kuuliza si kutuma. Nani asingeuliza?

Nairobi walikufa watu 213, 12 kati yao Wamarekani. Dar es Salaam, asubuhi hiyo hiyo, 11. Shangazi hamo katika hesabu hizo kwa kuwa aliishi. Washtakiwa walihukumiwa New York. Sudan, iliyolaumiwa kuwahifadhi magaidi hao, ilipokubali kulipa waathiriwa dola milioni 335, Shangazi alisikiliza redio hadi mwisho. "Sisi tuliokuwa majirani tu hatumo," akasema, akaizima, akaulizia chai.

Kinyongo na ubalozi hakuwa nacho, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Eti Bushnell, balozi wa Marekani wakati ule, aliwaandikia wakubwa wake Washington mapema, akiomba jengo salama zaidi kuliko lile lililobanwa na barabara, na siku yenyewe naye akaumia, akiwa mkutanoni na waziri katika jengo la benki jirani. "Naye alikuwa kazini kama mimi," Shangazi alikuwa akisema.

Unakumbuka siku ya mahojiano yako ya viza? Aling'ang'ania tuje naye Gigiri, kwenye ubalozi mpya. Tulikungoja kando ya barabara, kiti cha plastiki kimoja, yeye kakikalia na miwani yake myeusi. Akaniuliza, "Hili jipya liko mbali na barabara?" Nikamwambia mbali sana, na ukuta mrefu. "Basi afadhali. Mtoto atatoka salama."

Ukatoka, ukiruka kwa furaha. Akakukumbatia, akakupapasa uso wote kana kwamba anakuhesabu. Hiyo hujaiandika hata mara moja.

Mwezi wa tatu tulipomzika ulituma pesa za hema, na ujumbe kwamba makaratasi hayajakaa sawa. Nakushauri kama mkubwa wako: yashughulikie, uje. Usinijibu kwamba mimi ni mkali. Ni mimi niliyemshika mkono kumvusha barabara miaka yote hiyo, kumsomea barua zako na kuongeza maneno ya upendo pale ulipoyasahau. Ndiyo, niliyaongeza. Ungetaka nimsomee mistari minne tu?

Miwani yake ninayo. Ukija nitakupa. Ukimtuma mtu, simpi.