Zoezi la 3: someni kabla ya git pull

Jamani habari za asubuhi. Jana usiku nilirekebisha swali la 4 nikapandisha kwenye ripo (folda letu la pamoja linalotunzwa na Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya mafaili), na tangu alfajiri inboksi imejaa, wengine Git inagoma wakiandika git pull (amri ya kuvuta mabadiliko mapya), wengine notibuku (lile faili la .ipynb la kuandikia na kuendeshea kodi) haifunguki kabisa. Poleni sana, kosa ni langu, nimegusa faili ambalo tayari mnalifanyia kazi. Na hata kama hujaandika kitu, ukiendesha seli (kisanduku cha kodi) tu faili limeshabadilika, maana matokeo na zile namba za pembeni zinaseviwa humohumo.

Ukikuta <<<<<<< HEAD ndani ya faili ndo mgongano wenyewe, yaani mabadiliko yangu na yako yamekutana sehemu moja, msianze kufuta mistari kwa kubahatisha tafadhali, andika git merge --abort utarudi ulipokuwa. Halafu kopi folda lote ulipeleke nje ya ripo, desktop au popote, LIFUNGUE uhakikishe majibu yako yapo, ndo uandike git fetch kisha git reset --hard origin/main. Hiyo ya mwisho inarudisha mafaili yawe kama nilivyopandisha mimi, na inafuta kila ulichobadilisha bila kuuliza, kwa hiyo kopi kwanza. Ukimaliza hamishia majibu yako kwenye faili jipya.

Kuanzia leo marekebisho nitayaweka kwenye faili lenye jina lake, mfano zoezi3_v2.ipynb, la zamani siligusi tena. Aliyekwama anitumie skrinishoti hapahapa, niko hewani mpaka saa sita.