Sifa si arbuni: barua ya wazi kwa wanangu wenye mawazo ya biashara

Wanangu,

Hasira hii nimeivumilia wiki tatu nikidhani itapoa. Haikupoa, na sasa imeanza kuninyima usingizi, kwa hiyo naiandika.

Niliitwa kuwa mmoja wa majaji wanne katika shindano la mawazo ya biashara. Vikundi tisa vilipanda jukwaani. Nguo zimenyooshwa, nembo zinang'aa, na kila kikundi kina mkurugenzi mtendaji, mkurugenzi wa fedha na mkurugenzi wa masoko, hata kile cha watu wawili. Tulionyeshwa michoro ya mapato ya miaka mitano ijayo, yote inapanda tu, hakuna hata mmoja ulioteleza. Kila kikundi kilipomaliza niliuliza swali lilelile: "Mpaka leo mmemuuzia nani?" Vikundi vinane havikuwa vimemuuzia mtu. Kijana mmoja alinijibu kwa upole, kama mtu anayemwelewesha babu yake simu mpya, kwamba wao bado wako kwenye hatua ya wazo. Nikauliza, tangu lini? Mwaka wa pili huu.

Cha tisa nitakirudia.

Nianze na kile kikundi kilichotutaka tutie saini karatasi ya kutunza siri kabla hakijafungua mdomo. Wanangu, nani kawadanganya kwamba wazo ni dhahabu inayoibwa? Hata sheria haioni hivyo. Mkataba wa kimataifa wa TRIPS wa mwaka 1994, unaohusu haki za ubunifu na uvumbuzi na ambao nchi nyingi zinaufuata, unasema wazi katika ibara ya 9 kwamba hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi (patent), nayo hupewa uvumbuzi ulioelezwa hatua kwa hatua hadi fundi mwingine aweze kuutengeneza. Haipewi kwa kusema "nitaanzisha huduma ya kuunganisha watu". Ukiwa kweli na uvumbuzi wa kiufundi, kamwone mwanasheria mapema, kwa sababu kuutangaza hadharani kabla ya kuomba kunaweza kukunyima haki hiyo. Lakini wengi wenu hamna uvumbuzi. Mna nia. Nia haiibiki.

Mvumbuzi Mwingereza James Dyson alipofikiria mashine ya kufyonza vumbi isiyotumia mfuko, alitengeneza sampuli 5,127 ndipo akapata aliyoitaka. Mwizi aliyelisikia wazo lake siku ya kwanza angekuwa ameiba kazi ya kutengeneza sampuli 5,126 zilizokataa. Aende nayo salama.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu.

Nilipokuwa na umri wenu nilijifunza useremala kidogo, kisha nikapata wazo. Meza ya kukunja: nyepesi, miguu inaingia ndani, mwanafunzi anaibeba mkono mmoja na kusomea popote. Nilitengeneza moja nikaizungusha kwa watu. Sifa nilizopewa! Walimu walisifu, wazazi walisifu, jirani mmoja alisema nitakuwa tajiri nisahau watu. Nikakopa. Nikanunua mbao na bawaba, nikatengeneza meza 60. Nilipozirudisha kwa wale wale walionisifu, mmoja alisema meza yake ya zamani bado nzima, mwingine akasema atanitafuta mwisho wa mwezi, na jirani akaniomba moja bure kwa kuwa yeye ndiye aliyenitia moyo. Miezi minne niliuza sita. Zilizobaki zilijaa ndani hadi tukawa tunapita ubavu kwenda kulala.

Siku moja mke wangu, amekaa juu ya meza hizo maana viti havikuwa na nafasi tena, aliniuliza: "Kati ya wote waliokusifu, nani alikupa arbuni?"

Sikuwa na jibu. Miaka arobaini imepita na swali hilo bado naliona ndilo shule nzima ya biashara. Mtu anayekupenda atakusifu. Mtu mwenye adabu atakusifu. Mtu anayetaka uondoke mlangoni kwake atakusifu upesi zaidi kuliko wote. Sifa haimgharimu kitu msifu. Pesa inamgharimu, ndiyo maana pesa haisemi uongo wa adabu. Wazo lenu litaanza kuwa biashara siku ambayo mtu asiye na udugu wala urafiki nanyi ataingiza mkono mfukoni mwake, atoe kitu, na kesho yake asijutie. Kabla ya hapo mnacheza, na mchezo si dhambi, ila msiuite kampuni.

Basi fanyeni hivi. Tafuteni watu kumi mnaodhani wana tatizo mnalotaka kulitatua, wasiwe shangazi zenu. Msiwaeleze wazo lenu. Narudia, msilieleze, maana mkilieleza tu wataanza kusifu. Waulizeni mara ya mwisho tatizo hilo lilipowapata walifanya nini, liliwapotezea siku ngapi, walimlipa nani. Msiulize "ungenunua?" kwa sababu swali la kesho hujibiwa kwa ukarimu. Swali la jana hujibiwa kwa ukweli. Kama kati ya watu kumi hakuna hata mmoja aliyewahi kuhangaika kulitatua tatizo hilo, hata kwa kamba na gundi, tatizo hilo ni lenu peke yenu. Kama wapo wanaohangaika, waambieni mnaweza kuwafanyia hivi na hivi kwa bei hii, na muombe arbuni. Hapo ndipo mtaziona sura halisi za watu. Mtaona haya, najua. Hata mimi niliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyonifanya nitengeneze meza 60 badala ya kuuliza watu sita.

Mtasema babu, hatuwezi kuuza kitu ambacho hatujakijenga. Mnaweza kukifanya kwa mkono kwanza, kidogo, hata kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1999 huko Marekani Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu watanunua viatu kwenye intaneti bila kuvijaribu miguuni. Hakujenga ghala. Alikwenda kwenye maduka ya viatu ya watu wengine, akapiga picha, akaziweka kwenye tovuti. Mteja akiagiza, anarudi dukani, ananunua jozi ile kwa bei ya rejareja kama mnunuzi yeyote, anaituma. Faida hapo haikuwepo, wala hakuwa anaitafuta bado. Alichokuwa ananunua ni jibu. Kampuni ile ikaja kuwa Zappos, na mwaka 2009 Amazon ikainunua.

Mwaka huohuo wa 1999 kampuni nyingine ya Marekani, Webvan, ilianza kuwapelekea watu bidhaa za dukani majumbani. Wazo zuri, leo linafanyika kila mahali. Lakini kabla ya kuthibitisha kwamba mji wake wa kwanza unaweza kulipa, ilisaini mkataba wa dola bilioni 1 wa kujengewa maghala ya mitambo katika miji mingi. Julai 2001 ikafilisika. Hizo ni meza zangu 60, ila zao zilikuwa kubwa kidogo. Na msidhani dunia imejifunza: mwaka 2020 kampuni nyingine ya hukohuko, Quibi, ilizinduliwa Aprili ikiwa imekusanya dola bilioni 1.75 kwa ajili ya video fupi za kulipia kwenye simu, ikafungwa kabla ya mwaka kuisha. Mtaji mwingi haumleti mteja. Unachelewesha tu siku ya kujua kwamba hayupo.

Hadithi ya meza sijaimaliza. Zile sita nilizouza, niliwafuata wanunuzi mmoja mmoja kuuliza wanazitumia vipi. Hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja. Wote walikuwa wafanyabiashara wadogo wanaopanga bidhaa asubuhi na kukunja jioni, na wote sita walilalamikia jambo moja: upana. Nikaacha kuwaza wanafunzi, nikapanua meza, nikaziuza kwa watu wa aina hiyo miaka kumi na moja. Biashara iliyonisomeshea watoto sikuibuni mimi. Nilionyeshwa na watu sita.

Haya yamewatokea wakubwa kuliko mimi. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa mwaka 2005 ilikusudiwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Wakaonekana wanatumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 kutumiana pesa ndiko kulikowekwa mbele. Instagram nayo ilitokana na programu iliyoitwa Burbn, yenye mambo mengi, ya kutangaza uko wapi na unapanga kwenda wapi. Waanzilishi walipoona watu wanachopenda hasa ni kuweka picha, wakafuta karibu kila kitu kingine, na Oktoba 2010 wakatoka na picha. Kufuta kunauma, najua, hasa ukifuta kitu ulichokesha nacho. Lakini lipendeni tatizo la mteja kuliko mnavyolipenda jibu lenu. Wengi wenu mmelioa jibu kabla hamjaonana na tatizo.

Mengine nitayataja tu, maana hasira yangu haiko huko. Pesa ya biashara na ya mfukoni zisikae pamoja hata siku moja. Mkipanga bei, wekeni na mshahara wenu ndani, hata kama hamjilipi bado, vinginevyo mtakuwa mnauza umri wenu bure. Faida ya kwenye daftari si pesa mkononi. Biashara yenye faida hufa wateja wakichelewa kulipa wakati kodi ya jengo haichelewi. Mapatano kati yenu waanzilishi yaandikwe mkiwa bado mnacheka pamoja: nani ana hisa ngapi, anazipata baada ya muda gani, akiondoka inakuwaje. Sajilini biashara mkishaanza kuuza, msijifiche kodi. Msimwajiri mtu kwa kazi ambayo hamjaifanya wenyewe mkaijua ugumu wake. Mkopo ni wa kukuza kinachouzika tayari, si wa kutafuta kama kinauzika.

Na kuacha pia ni uamuzi. Jiwekeeni tarehe na idadi: tukifika mwezi fulani hatujapata wateja kadhaa waliolipa, tunabadilisha au tunafunga. Andikeni kabla hamjachoka, maana aliyechoka hawezi kuhesabu.

Lakini niwe mkweli, si nyinyi tu. Sisi wazee ndio tuliowafundisha kupanda jukwaani. Tunawapa vikombe kwa kusema vizuri. Tunahudhuria uzinduzi, tunakata utepe, tunapiga picha, halafu tukihitaji bidhaa ileile tunanunua kwingine kwa sababu ya vijana "haijazoeleka". Ndugu wanataka huduma bure, eti ndio kuunga mkono. Ofisi kubwa inachukua mzigo wa kijana leo na kumlipa baada ya miezi sita, huku mkuu wake anatoa hotuba kuhusu kuwawezesha vijana. Mimi mwenyewe yalinipata: taasisi moja ilichukua meza zangu 20 na kunizungusha mwaka mzima kwa stempu na saini, hadi nikauza mashine yangu ya kuranda ili niwalipe wenye mbao. Na kijana akifunga biashara tunamnong'ona kama aliyefumaniwa. Ndiyo maana hawathubutu kujaribu kidogo kidogo; wanataka kushinda mara moja mbele za watu au wabaki kwenye hatua ya wazo, mahali ambapo hakuna anayeshindwa.

Basi kikundi cha tisa. Hakikuwa kikundi, alikuwa binti mmoja. Hakuwa na nembo. Aliongea chini chini, akakatizwa katikati kwa sababu dakika zake ziliisha. Alieleza kwamba bibi yake alipovunjika nyonga, familia ililazimika kununua kiti cha magurudumu kilichotumika wiki tisa tu, kisha kikakaa stoo. Alikichukua, akakikarabati, akaanza kuwakodishia familia nyingine zenye mgonjwa anayepona nyumbani. Sasa ana viti vitatu na jozi kadhaa za magongo. Nilipomuuliza swali langu alifungua daftari la kawaida na kuanza kusoma: huyu alilipa wiki nne, huyu mbili, huyu ameweka arbuni ya kiti ambacho bado kiko kwa mtu mwingine. Walikuwa kumi na wanne. Kengele ikapigwa, akashuka.

Alishika nafasi ya saba. Kombe lilikwenda kwa wale wa karatasi ya siri. Fomu ya alama ilikuwa na vipengele vya uwasilishaji, ubunifu, mwonekano na ukubwa wa ndoto. Kipengele cha mauzo hakikuwepo, nami nilijaza kama fomu ilivyotaka na kutia saini. Mzee mzima, niliyekaa na meza 54 chumbani, nimempa alama za chini mtu pekee aliyelijibu lile swali la mke wangu.

Binti, kama barua hii itakufikia, uniwie radhi. Ninamfahamu fundi anayeunganisha vyuma vya viti hivyo vizuri sana, na kwangu pana jozi mbili za magongo niliyoyatumia mwaka juzi. Njoo na daftari lako. Nataka pia kumwona yule wa arbuni, kama alishapata kiti chake.

Mzee wenu