Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sahihi ni ya Nani?

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wahudumu wa afya wa Lamu, assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Hesabu mnazo mikononi, na mweka hazina yupo hapa kujibu maswali. Mimi nina jambo moja lililonigongea mlango mwaka mzima, nalo ni ridhaa ya mgonjwa, yaani kukubali kwake mwenyewe kutibiwa.

Usiku mmoja wa kusi, mkunga mmoja mwanachama wetu alinipigia simu. Mama ameletwa kwa boti kutoka upande wa Faza, uchungu umekwama, daktari ameshaamua apasuliwe. Fomu iko mezani, kalamu juu yake. Mama yu macho, akiulizwa anajibu. Lakini mamamkwe kasimama mlangoni: hapana sahihi mpaka mume afike, na mume yuko baharini, simu haishiki. Mkunga alikuwa amengoja karibu saa nzima. Swali lake: "Mwenyekiti, tukimpasua, si tutashtakiwa?"

Nikamwambia, muulizeni mwenyewe. Wakamuuliza. Akanyoosha kidole kipakwe wino, kwa kuwa kalamu hakuizoea. Alhamdulillahi, yeye na mwanawe wazima.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 yataka mgonjwa aelezwe, kwa lugha anayoielewa, hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama, na kwamba ana haki ya kukataa. Sahihi ya mume haidaiwi kwa mtu mzima mwenye akili zake. Akiwa amezirai na kuchelewa kutamuua, naye hakuwahi kukataa, anatibiwa. Katiba nayo, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe tiba ya dharura. Basi wenzangu, tuseme kweli: usiku ule tuliogopa mkwe kuliko sheria.

Kuna lililo gumu zaidi. Yupo mama atakayekwambia, "Asemalo mume wangu ndilo langu." Je, hiyo ni ridhaa? Mimi naona ni ridhaa, ila awe ameulizwa peke yake, mlango umefungwa. Najua baadhi yenu hamkubaliani nami, na kwenye kikao cha kamati tulibishana mpaka chai ikapoa.

Kuhusu siri nitasema kidogo. Mji wetu, la mtaa wa Mkomani asubuhi ni la mtaa wa Langoni adhuhuri. Mmoja wetu alituma picha ya jeraha kwenye kundi la WhatsApp akitafuta ushauri. Uso hakuuonyesha, lakini mkono ulikuwa na hina ya harusi, na mwenye hina akajulikana kabla ya magharibi. Taarifa za afya ya mtu ni nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nia njema haikumsaidia bibi harusi.

Fomu nyingi tunazotumia bado zina mstari wa sahihi ya mume. Kamati imeandika nyingine kwa Kiswahili, yenye nafasi ya alama ya kidole na ya saa mgonjwa alipoulizwa. Wasimamizi wa vituo wengine wameipokea, wengine wanasema tungoje. Nakala ziko kwa katibu, pale karibu na birika la kahawa.