Kuku wa pilipili, menyu iandikwe Kiswahili

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, hili jambo limenikaa rohoni toka Jumamosi.

Mama yangu kaja kutoka Muheza, hajafika Dar toka kabla ya korona, nikasema safari hii hapiki mtu, namtoa nje akale vizuri. Tukaenda mimi, yeye na mtoto wa dada yangu wa miaka sita kwenye moja ya hii migahawa ya kuku wa kuchoma wa pilipili iliyojaa mjini siku hizi, jina silitaji maana nia yangu sio kuharibia mtu biashara. Mnaijua, kuku anapasuliwa mgongoni analazwa bapa analowekwa viungo alafu anachomwa, na wewe unachagua ukali unaoutaka. Pazuri, pasafi, harufu ya kuku unaipata toka parking.

Sasa menyu yote Kiingereza. Mama kasoma enzi za Mwalimu na gazeti lako analisoma mpaka matangazo ya vifo, ila Kiingereza hajakishika, akaigeuza geuza ile menyu weee, mwisho akaiweka mezani. Akamuuliza mhudumu, "Mwanangu, hii peri-peri ndo nini?" Kijana ana adabu zake, alishamwamkia mama vizuri tu, akajibu, "Hiyo ni sosi ya Kireno mama, ya kutoka nje." Mama akauliza, "Kwaiyo ni pilipili?" Kijana akasema, "Hapana mama, pilipili ukitaka nakuletea pembeni, hii ni peri-peri."

Mhariri, mama yangu katulea kwa pilipili kichaa. Alipanda nyuma ya jiko, tunachuma asubuhi tunapanga mafungu kwenye sinia tunapeleka sokoni, daftari zangu za shule zimetoka humo. Leo anaambiwa na kijana wa Kitanzania, Dar es Salaam, kwamba peri-peri sio pilipili. Alinyamaza, na mimi namjua mama akinyamaza.

Ukweli ni kwamba peri-peri ni pilipili, mmea na neno pia. Mmea wenyewe asili yake Amerika, Wareno ndo waliusambaza baada ya kuanza kupita pwani hii, Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, ukaota huku ukakubali kabisa, hizi ndogo ndogo kali tukaziita pilipili kichaa. Ila jina Wareno hawakuja nalo, wamelikuta huku. Kamusi zingine zinasema piri-piri, ndo hiyo hiyo peri-peri, wamelichukua kwenye Kiswahili, zingine zinasema Kironga cha kusini mwa Msumbiji, vyovyote vile ni mdomo wa watu wa pwani hii hii. Na sisi wenyewe neno tulilipata kwa wafanyabiashara wa Uajemi na India zamani hizo, likiwa la ile nyeusi tunayoiita pilipili manga, alafu likahamia na kwenye hii nyekundu. Yani neno limesafiri sana na siwezi kusema ni la mtu mmoja, ila kumwambia Mswahili kwamba ni la Kireno, hapana.

Hata huyo kuku mwenyewe ni wa Msumbiji, jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma. Zambezia wanampaka kuku tui la nazi na pilipili akiwa juu ya mkaa, ukimwonyesha mtu wa Mombasa atakwambia huyu kuku wa kupaka. Walioupeleka upishi huu mbali ni Wareno wa Msumbiji, wengi walihamia Afrika Kusini baada ya uhuru wa 1975, na Nando's ambayo dunia nzima inaijua ilianzia 1987 kwenye kimgahawa Rosettenville, Johannesburg. Nawapongeza, wameuza chakula cha Afrika mpaka London. Hii yetu ya Dar haihitaji hata kuagiza neno.

Nisingeandika kama ingeishia kwenye neno tu. Mezani paliletwa chupa nne za sosi, zinafanana, tofauti ni rangi ya karatasi na maandishi ya Kiingereza ya kusema ipi kali ipi sio. Mimi nimeenda kunawa mikono, mama akamwekea mjukuu wake kwenye chipsi akijua ni tomato. Ilikuwa ile kali kuliko zote. Mtoto alipiga kelele mgahawa mzima ukageuka, midomo imevimba, machozi, kamasi, mhudumu anakimbia na maji ya baridi na mtoto anakunywa na anazidi kulia. Mama akasema leteni maziwa. Maji hayasaidii kwasababu kile kinachowasha, wataalamu wanakiita kapsaisini, hakiyeyuki vizuri kwenye maji, kinataka mafuta au protini ya maziwa, ndo maana maziwa au mtindi vinatuliza, na ndo maana wazee wetu pilipili nyingi waliitia kwenye tui. Jikoni walikuwa na maziwa ya chai, mtoto akasukutua akanywa akatulia. Mama mpaka leo anajilaumu na mimi nakataa, hakukosea yeye, angekosea vipi wakati chupa haikumwambia kitu kwa lugha anayoijua?

Kwaiyo ombi langu kwa wenye migahawa hii ni dogo na halina gharama. Andikeni kwenye menyu na kwenye chupa: haina pilipili, kidogo, ya wastani, kali, kali sana. Kiingereza kiwepo pia chini yake kwa wageni, hakuna anayekataa. Wekeni mtindi au maziwa karibu, na mhudumu akiona mtoto mezani aseme hii chupa ni kali. Na kama inawezekana nunueni pilipili mbichi sokoni hapa hapa, kichaa au hata pilipili mbuzi, sagani na limao, kitunguu saumu na chumvi, maana ile sosi nyingine niliyoionja ilikuwa na sukari na siki kuliko pilipili, na nusu kuku na chipsi nimelipa 24,000.

Na BAKITA, yani Baraza la Kiswahili la Taifa, ambao wapo toka 1967, nawaomba waende kwenye migahawa. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha siku ya Kiswahili duniani, hotuba tunazisikia na tunafurahi, ila mama yangu hawezi kuagiza kuku nchini kwake.

Mwisho, mwenye mgahawa kama unasoma hapa, tulikaa ile meza ya kona karibu na dirisha, Jumamosi mida ya saa mbili usiku. Yule kijana asifukuzwe tafadhali, ndo aliyekimbia jikoni kutafuta maziwa na alikuja kumpa mama pole mara mbili. Mumfundishe tu pilipili ni nini.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam