Tetea wa marehemu mama anaingia kiotani kila siku, yai halionekani

Daktari, salaam, na pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muheza mkoani Tanga. Nina kuku wa kienyeji kumi na wawili, na barua hii naiandika kwa ajili ya mmoja tu.

Ni tetea kishingo, mwekundu, ana miaka saba sasa. Mama yangu alifariki mwaka 2021 akamwacha, tayari akiwa koo aliyekwisha kutotoa mara kadhaa. Ukimtoa jogoo, kuku wote walioko bandani kwangu ni watoto na wajukuu zake. Sare na madaftari ya mwanangu wa kwanza vimetokana na kuuza vifaranga vyake, kwa hiyo naomba usinishangae nikimhangaikia.

Shida ilianza masika ya mwaka jana. Asubuhi moja nilikuta kiotani yai lisilo na ganda, utando mtupu. Nililibeba kwa viganja viwili, likawa linatikisika kama puto lenye maji, kiini kinaonekana ndani. Yalifuata mengine matatu. Nilijilaumu, maana nilikuwa nawalisha pumba za mahindi, mashudu kidogo, na dagaa nikijaliwa. Baadaye ndipo nikajua kuwa ganda la yai moja huchukua kama saa 20 kujijenga tumboni mwa kuku, na chokaa ikipungua kwenye chakula anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Dada yangu aliyeko Tanga mjini akaniletea maganda ya kombe. Nayaponda na kuyaweka kwenye kopo la pembeni, kila mmoja adonoe kadiri anavyohitaji, kwa sababu niliambiwa chokaa nyingi kwenye chakula cha wote inaumiza figo za vifaranga na jogoo. Mayai yakarudi na ganda, ila yakawa makubwa na yana vipele.

Mwezi wa nne mwaka huu yai lilimkwama. Nilimkuta kwenye kona ya banda, mkia umeinama, mbawa zinaning'inia, anajikamua na hakuna kinachotoka. Nilimkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yaliyomfika tumboni, nusu saa nzima nimemshika. Hakupigana nami, alifumba macho tu. Nikampaka mafuta ya nazi pale pa kutolea yai, nikamweka kwenye kapu penye giza. Adhuhuri yai likatoka, lina damu.

Tangu siku hiyo hajataga. Lakini kila asubuhi anaingia kiotani, anakaa karibu saa nzima, kisha anatoka akitetea kama aliyetaga. Nikienda kuangalia, kiota kitupu. Tumbo limejaa na kushuka. Ukilishika linabonyea kama mfuko wa maji, ila upande wa kushoto nagusa kitu kigumu. Kifua nacho kimekwisha, mfupa unachoma mkono. Anatembea amesimama wima, miguu ameipanua. Upanga wa kichwani umepauka. Kinyesi ni cheupe chenye ukijani na kinagandia kwenye manyoya. Namwosha kila baada ya siku mbili nisije nikakuta funza. Chakula anakula kidogo, maji anakunywa mno.

Sidhani kama ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Wote wanapata chanjo ya matone ya jicho kila miezi mitatu, na wenzake ni wazima.

Nilikwenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakutaka hata nifungue kapu amwone. Alinipa unga wa kuchanganya kwenye maji kwa siku tano, akasema mayai tusiyale. Nami kwa kuwa chombo cha maji ni kimoja, nikafukia mayai ya kuku wote siku hizo tano na wiki nzima iliyofuata. Tetea akachangamka siku chache, kisha akarudi vilevile. Sasa nimetenga chombo chake.

Daktari, je, mayai yanaangukia tumboni badala ya kutoka nje, na ndiyo yanayooza humo? Yale maji yanaweza kuvutwa kwa sindano akapata nafuu, au nitamwongezea maumivu bure? Na ipo njia ya kumfanya apumzike kutaga kabisa? Nimefikiria kumwingiza gizani mapema, maana nasikia mwanga wa siku ndio unaoamsha mayai, lakini huku kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana. Pia nataka kujua kama nimrudie ile dawa au niiache, kwa kuwa naogopa kuvizoesha vijidudu dawa hiyo.

Mume wangu anasema tumchinje tufanye mchuzi kabla hajafa kibudu. Sitamlisha mwanangu nyama ya kuku mgonjwa aliyekunywa dawa, hilo nimekataa. Lakini kama wewe unaona anateseka na hakuna la kumsaidia, niambie waziwazi. Nitamchinja mimi mwenyewe, kwa kisu kikali, na kumzika chini ya mfenesi wa mama.

Bwana mifugo wa kata anapita kwetu Alhamisi ijayo. Ningependa niwe na jibu lako mkononi, nijue la kumwomba amfanyie.

Mama wa watoto watatu,
Muheza